Diski Mpya, Kompyuta ya Zamani: Kasi Inapotelea Wapi?

(Mhadhara kwa wapiga picha na wenye studio za video, Mwanga, Kigoma)

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, habari za asubuhi.

Mwezi uliopita alinijia kijana mmoja anayepiga video za harusi, amefura kwa hasira. Alidunduliza hela miezi kadhaa, akaagiza SSD ya nje, ile diski isiyo na kitu kinachozunguka ndani, kutoka Dar es Salaam, boksi limeandikwa zaidi ya megabaiti 1,000 kwa sekunde. Akaichomeka kwenye laptopu yake ya mwaka 2010, akahamisha harusi ya gigabaiti 120. Ikala karibu saa nzima. "Kaka, nimepigwa. Hii feki."

Nikamwambia, kabla hujamtukana muuzaji, tupige hesabu. Gigabaiti 120 kwa dakika 57 ni megabaiti 35 hivi kwa sekunde. Fundi akiiona namba hiyo anajua moja kwa moja: hii ni USB 2.0, toleo la zamani la tundu la kuchomekea vifaa. Hilo lilitoka mwaka 2000, na kiwango chake ni megabiti 480 kwa sekunde. Megabiti, jamani, si megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti nane, kwa hiyo gawanya kwa nane unapata megabaiti 60, na ukiondoa mawasiliano ya vifaa vyenyewe kwa vyenyewe, zinakubakia 30 hadi 40. Diski ilikuwa nzima kabisa.

Boti ikifika Kibirizi imejaa magunia, hata iwe na injini kubwa namna gani, mzigo unashuka kwa mwendo wa wabebaji wanaopishana kwenye ubao mmoja. Kazi yetu leo ni kuutafuta huo ubao kwenye kompyuta, yaani pale kasi inapobanwa.

Sogeeni hapa muone. Ndani ya tundu hili kuna kipande cha plastiki cheusi na vyuma vinne. Hiyo ni USB 2.0. Hili la pili plastiki yake ni ya bluu, na ukimulika na tochi ya simu unaona vyuma vingine vitano. Jumla tisa. Hiyo ndiyo USB 3.0, iliyotangazwa mwaka 2008, megabiti 5,000 kwa sekunde. Rangi isiwe ushahidi pekee, maana si kila kampuni inaifuata, hesabuni vyuma. Baadhi ya laptopu za miaka ile zina tundu moja tu la namna hii, na wenyewe wamechomeka mausi humo!

Halafu waya. Waya wa kuchajia simu unaingia vizuri kwenye SSD, diski inawaka, lakini nyaya nyingi za chaja ndani zina njia za USB 2.0 tu. Tumieni uliokuja kwenye boksi. Na mkichomeka, chomekeni kwa mkupuo mmoja. Ukisukuma polepole, vile vyuma vinne vya USB 2.0 vinaweza kugusana kwanza, na kompyuta inaweza kuipokea diski kama USB 2.0. Wenye Linux, fungueni dirisha la kuandikia amri, muandike lsusb -t: ukiona 480M, ichomoe urudie, ukiona 5000M, uko salama.

Wenye Windows 7, hiyo haina UASP, utaratibu unaoiwezesha diski kupokea maagizo mengi kwa pamoja. Ulianza na Windows 8. Bila huo diski bado inafanya kazi, ila haifiki kileleni.

Kuna ubao mwingine ambao watu hawautazami: diski ya ndani. Ikiwa ni ile ya kuzunguka, inasoma megabaiti 100 hivi kwa sekunde, na chini sana ya hapo kama ni mafaili madogo madogo. Kwa hiyo hata ukiwa na tundu la bluu, ile harusi ya gigabaiti 120 itachukua dakika 20.

Mtaambiwa pia mwashe akiba ya kuandikia (write caching) kwenye Windows. Inasaidia, lakini data hukaa kwanza kwenye kumbukumbu ya kompyuta (RAM), ambayo umeme ukikatika inafutika. Betri yako imekufa, umeme ukakatika, harusi ya watu imepotea. Mimi siwashauri.

Sasa laptopu ya huyu kijana haina tundu la bluu hata moja. Angekuwa na kompyuta ya mezani ningemwekea kadi ya USB 3.0 tukamaliza. Inaniuma mtu anapouza mashine nzima kwa bei ya kutupa wakati ndani yake mna njia pana: SATA, ile inayounganisha diski ya ndani na kompyuta. Hata toleo lake la pili, la megabiti 3,000 kwa sekunde, linapitisha zaidi ya megabaiti 250 kwa sekunde. Tutafunga SSD ndogo ya ndani pale ilipo diski ya kuzunguka, nayo ile ya kuzunguka tutaihamishia palipo na deki ya DVD, kwenye fremu yake. Video ahariri kwenye SSD ya ndani. Ile ya nje ibaki ya kutunzia kazi zilizokwisha; aiache inakopi usiku amelala.

Haya, ileteni hapa mezani. Chomoeni chaja, toeni betri kwanza. Nani ana bisibisi ndogo ya nyota?