Wakili wa Boflo

RAYA: Assalaam alaykum wapenzi, karibuni tena barazani. Mkisikia feni inalia, ndiyo ile ile ya siku zote. Na mkisikia sauti yangu imekwama, ni usingizi. Wiki hii mie sikulala.

MAKAME: Wa alaykum salaam. Hakulala kwa ajili ya sungura. Nataka hilo lijulikane mapema.

RAYA: Kwa ajili ya Kashata, ndiyo. Nyote mnamjua, ndiye aliyetafuna waya wa maikrofoni.

MAKAME: Waya wangu.

RAYA: Waya wako, na ulishalipwa. Sasa leo nimekuja na karatasi. Nimeandika mambo matano ambayo mtu anayefuga sungura hapa Unguja anatakiwa ayajue kuhusu tumbo lake. Tumbo la sungura, si la mfugaji. Na Pemba pia, kabla mwenzangu hajalalamika.

MAKAME: Nilikuwa nishafungua mdomo.

RAYA: Kwanza kisa. Kashata kila jioni akisikia mfuko wa mchicha unachakarika tu, anatoka mbio mpaka anateleza sakafuni. Juzi hiyo nikachakarisha mfuko, kimya. Namtafuta, namkuta kajibanza nyuma ya kasha la Bibi, kajikunyata, macho nusu, anasaga meno. Mtu asiyejua atasema anatafuna. Hatafuni kitu, anaumwa. Natazama chini, sakafu safi kabisa. Na sungura mzima, Makame, anatoa vile vidonge vyake zaidi ya 200 kwa siku.

MAKAME: Kwa hiyo kwenu sakafu ikiwa safi ni maradhi. Kwetu ni dalili kuna mgeni anakuja.

RAYA: Nikambonyeza tumbo taratibu, limejaa upepo kama ngoma. Masikio ya baridi. Na kaskazi hili, nyumba nzima inachemka, yeye masikio baridi! Hapo ndipo nilipoogopa. Joto la mwili la sungura ni kama 38.5 mpaka 40. Likianza kushuka chini ya hapo, hali si nzuri.

MAKAME: Ukanipigia mie.

RAYA: Nikakupigia wewe, ukaniambia nimpe maji ya tangawizi.

MAKAME: Mama yangu kalea watoto saba kwa maji ya tangawizi.

RAYA: Jirani kaja na habbat soda. Mwengine kaja na mafuta ya nyonyo. Mwengine, Mungu amlipe kwa nia yake, kaniletea chupa ya amoksilini ya mtoto wake iliyobaki, ile ya rangi ya waridi. Kidogo nimpe, maana ni dawa, imeandikwa, ina kijiko chake. Daktari wa mifugo alipofika na vespa yake akaiona mezani, akaichukua akaitia mfukoni kwake bila kuniuliza.

MAKAME: Akaenda nayo?

RAYA: Akaenda nayo. Akasema dawa za ukoo wa penisilini, sungura akipewa kwa mdomo, unamuua. Kwa sababu sungura hasagi majani peke yake. Pale mwanzo wa utumbo mpana ana mfuko mkubwa, umejaa vijidudu wanaomvundikia zile nyuzinyuzi. Hao ndio wapishi wake. Ile dawa inawafagia wale wema, wanabaki wabaya, wanazaana, wanatoa sumu. Siku mbili tatu kwisha.

MAKAME: Lo. Dawa ya mtoto kabisa.

RAYA: Akamwekea kipimo tumboni, kasikiliza huku, kasikiliza huku. Tumbo la sungura mzima linanguruma muda wote. La Kashata lilikuwa kimya, ila upepo tu unalia mbali. Akasema utumbo umesimama. Si kwamba umeziba, ila mwendo umekufa. Ukisimama, kile kilichomo kinakauka, upepo unajaa, anaumwa. Akiumwa hali. Asipokula, utumbo unazidi kusimama. Na kutapika hawezi, sungura hakuumbwa na kutapika. Kikiingia kimeingia.

MAKAME: Subiri. Huyu ndiye sungura mjanja wa hadithi zote tulizopigiwa utotoni? Aliyewashinda simba na fisi? Kumbe kutapika tu hawezi?

RAYA: Hawezi. Basi daktari akaniuliza, kala nini? Nikasema majani, mchicha kidogo, tembe zake za chakula. Akainama, akaingiza mkono nyuma ya kasha, akatoa ganda la mkate wa boflo.

MAKAME: Aa-aa. Hapo nasimama. Mheshimiwa hakimu, mimi ni wakili wa boflo.

RAYA: Makame.

MAKAME: Mteja wangu kakutwa karibu na eneo la tukio. Hilo hatulikatai. Lakini kukutwa si kutenda.

RAYA: Lilikuwa na alama za meno!

MAKAME: Meno ya nani? Umeyapima? Mheshimiwa, mteja wangu kalea visiwa hivi. Mtu mzima yeyote anayesikiliza hapa, asubuhi zake zote za skuli zilikuwa chai ya rangi na boflo. Leo aje aitwe muuaji?

RAYA: Ni wanga na sukari. Wale wapishi wa tumboni wakipewa wanga wanavurugika, upepo unazidi, na nyuzinyuzi za kusukuma utumbo hamna. Si boflo tu. Mkate wa ajemi, wa kumimina, wa ufuta, wa mofa, wote hapewi.

MAKAME: Sasa mmekamata ukoo mzima!

RAYA: Na wali hapewi, na biskuti hapewi, na ndizi kijipande tu. Hata karoti ni ya kuonja, ina sukari. Chakula cha sungura ni majani, kama asilimia 80 ya anachokula kiwe majani marefu, mabichi au makavu. Ndiyo yanayotembeza utumbo na kusaga meno, maana meno yake yanakua mpaka anakufa.

MAKAME: Mheshimiwa, nina swali moja kwa mlalamikaji. Ni kweli au si kweli kwamba mlalamikaji, huyo Kashata, usiku anakula choo chake mwenyewe?

RAYA: Si choo kile cha...

MAKAME: Ndiyo au siyo.

RAYA: Ndiyo, lakini ni aina nyengine! Kile laini, kinang'aa, kimeshikana kama kishada. Kinatoka kwenye ule mfuko, kina vitamini na protini, anakichukua pale pale kinapotoka. Asipokila anadhoofika. Yaani chakula kinapita mara mbili.

MAKAME: Sina swali jengine. Mlalamikaji anakula choo, halafu anayeshitakiwa ni boflo.

RAYA: Wallahi wewe una wazimu.

MAKAME: Mteja wangu katoka tanurini asubuhi, safi, moto, kafungwa gazeti...

RAYA: Basi, basi. Nieleze matibabu, maana hii ndiyo iko namba mbili kwenye karatasi. Sindano ya maumivu kwanza. Watu wanadhani la kwanza ni chakula. La kwanza ni maumivu, kwa sababu akiumwa hatokula hata umpe nini. Halafu maji chini ya ngozi, pale mgongoni, yale ndiyo yanalainisha kilichokauka. Halafu dawa ya kuamsha utumbo, ila kwanza akaligusa tumbo vizuri kuhakikisha hakuna kilichoziba. Ukiamsha utumbo ulioziba unaweza kuupasua. Na kulisha kwa lazima, vivyo hivyo. Tumbo likiwa gumu limevimba, usimshindilie kitu, mpeleke kwa daktari.

MAKAME: Ulimlishaje?

RAYA: Tembe zake nimeziloweka mpaka zikawa uji. Ukoka mkavu nikautwanga kinuni, nikauchekecha, nikachanganya. Bomba la sindano bila sindano. Unaingiza pembeni mwa mdomo, nyuma ya yale meno ya mbele, kidogo kidogo, anatafuna, anameza, unangoja. Si unamlenga koo kama unazima moto, atapaliwa, iingie mapafuni. Kila baada ya saa chache, usiku kucha. Na chupa ya maji ya barafu nimeifunga kanga nimemlaza pembeni yake, maana joto la hewa likipita 30 sungura anateseka, hatoki jasho yule, joto analitolea masikioni.

MAKAME: Si ulisema masikio yalikuwa baridi?

RAYA: Usiku ule chupa sikumwekea, nilimfunika. Chupa ni mchana wa pili, alipopata moto. Sikiliza basi.

MAKAME: Nasikiliza. Na Bibi ulimwambiaje?

RAYA: Nini?

MAKAME: Boflo halikutembea kwa miguu yake mpaka nyuma ya kasha. Bibi yako ndiye anayempa, kila mtu anajua, hata mie nimemuona. Anachovya kwenye chai anamwambia "njoo mume wangu."

RAYA: Nilimwambia joto.

MAKAME: Umemwambia joto.

RAYA: Na joto lilikuwapo! Daktari mwenyewe kasema joto linachangia. Si uongo. Nimehamisha tundu lake la kulala juu, chumbani kwangu. Bibi ngazi hapandi, basi. Mambo yamekwisha bila mtu kuumia.

MAKAME: Yamekwisha kwako. Bibi kakosa sungura na hajui kwa nini.

RAYA: Makame, Bibi hata paka wa mtaani hapiti pale bila kitu. Ndivyo alivyo. Nikimwambia "wewe ndiye uliyemuumiza Kashata", hatolala. Kila asubuhi ananiita toka chini, "mume wangu hajambo?" Unataka nimjibu nini?

MAKAME: Usimwambie hivyo. Mwambie kama unavyomwambia mtu anayejua. Bibi yako kafuga ng'ombe Mahonda kabla hujazaliwa. Anajua ng'ombe akifumania gunia la mchele tumbo linavimba anakufa. Mwambie "Bibi, sungura ni kama ng'ombe, hapewi mkate." Neno moja. Atakuelewa kabla hujamaliza, na atakufundisha majani ambayo wewe huyajui. Mchunga kauleta nani? Si yeye?

RAYA: Mchunga kauleta yeye.

MAKAME: Ee.

RAYA: Lakini ng'ombe hakuwa anamwita mume wangu! Wewe hukai naye. Mtu mzima hukosolewi mbele ya mdogo.

MAKAME: Si kumkosoa. Wewe unamficha kama mtoto mdogo. Huko ndiko kumvunjia heshima.

RAYA: Heshima kwenu Wete labda. Hapa mtu unamstahi.

MAKAME: Usiingize Wete. Nimekwambia, siku Bibi akijua kwa mdomo wa mwengine...

RAYA: Atajuaje?

MAKAME: Raya. Tunarikodi.

RAYA: ... Bibi hasikilizi podikasti.

MAKAME: Wajukuu zake wanasikiliza.

RAYA: Sikubaliani na wewe. Sikubaliani na sitokubali, na wewe ungekuwa mahali pangu ungefanya hivi hivi.

MAKAME: Nisingefanya. Ningeshuka chini sasa hivi.

RAYA: Basi shuka.

MAKAME: Si bibi yangu.

RAYA: Ahaa.

MAKAME: Lakini hilo si jibu.

RAYA: Na lako si jibu. Tuendelee. Karatasi yangu iko wapi? Tumefika namba mbili. Namba tatu, majani. Ukoka ndio bora, mnaouzia ng'ombe mnaujua, ukate, uuanike kivulini. Mkifika masika angalieni, majani yakishika ukungu msimpe. Majani mabichi ya muhogo msimpe, yana sumu. Matembele kidogo si...

MAKAME: Raya, Magharibi hiyo.

RAYA: Dakika ngapi?

MAKAME: Wa msikiti wa pili kashashika kipaza sauti, namsikia anakohoa.

RAYA: Namba nne na tano basi wiki ijayo.

MAKAME: Wiki ijayo tumeahidi nauli za boti.

RAYA: Basi zitapotea. Jamani, moja tu: sungura akipitisha muda wa masaa 12 hali na hapati choo, usingoje kupambazuke, mtafute daktari wa mifugo usiku huo huo. Na Kashata kala leo, vidonge vidogo vimeanza kutoka, nimevihesabu kama pesa.

MAKAME: Na Bibi?

RAYA: Zima, Makame.