Upatu wa Ebisu

Ndugu zangu wafanyabiashara, ahsanteni kwa kuja.

Nawapeleka Osaka, Japani, kwenye hekalu la Kishinto liitwalo Imamiya Ebisu. Kila mwaka, tarehe 9 hadi 11 Januari, watu wapatao milioni moja hupita pale, wenye makampuni na wenye vibanda, kumwomba Ebisu biashara iende.

Asili yake Ebisu si mungu wa dukani. Ni wa wavuvi: sanamu yake imeshika ufito wa kuvulia, na kwapani ana samaki mwekundu aitwaye tai kwa Kijapani. Lakini samaki akishavuliwa huuzwa, naye mungu akamfuata samaki wake hadi sokoni. Na soko lenyewe ndilo Osaka. Mchele wa mikoa mingi ulijazwa katika maghala yake, na mwaka 1730 serikali ya shogun, mtawala wa kijeshi wa Japani, iliidhinisha soko la Dojima, ambako watu walifunga leo bei ya mchele wa siku za mbele. Anayefanya biashara ya namna hiyo, mnaelewa kwa nini halali bila kuomba.

Sasa tazameni mfanyabiashara anavyoomba pale hekaluni. Anapewa bure tawi la mwanzi, majani bado mabichi. Analipia vile vinavyofungwa juu yake: kisamaki, kigunia cha mchele, kinyundo cha bahati, sarafu za dhahabu za kuigiza. Huku wimbo haukatiki: "Shobai hanjo de sasa motte koi", yaani biashara ishamiri, leteni mwanzi. Anaomba pale mbele. Kisha, na hapa ndipo paliponishika mimi, anazunguka nyuma ya hekalu na kugonga upatu.

Wanasema Ebisu ni mzito wa masikio. Ukiomba mbele tu, huenda hajakusikia. Basi unapita nyuma, unagonga, unamwambia: nimefika, usinisahau. Ndivyo tunavyomfanyia babu nyumbani, tunamsogelea sikioni. Mimi naona heshima kubwa sana katika mkono ule unaogonga.

Tawi hukaa dukani mwaka mzima. Januari ikirudi, hurudishwa hekaluni limekauka, ndipo mtu achukue jipya. Hata ambaye mwaka umemwendea vibaya hulirudisha. Na aliyechelewa hakosi kitu: tarehe 11 huitwa nokorifuku, baraka zilizobaki, na watu wa Osaka huamini kuwa kwenye mabaki nako kuna bahati.