Nani kasafiri, bakteria au jeni?

Mwangaluka wote. Nyie wenye maduka ya dawa naona mmejibanza nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele bwana, leo hatufungi duka la mtu.

Nianze na ile kauli mnayoisikia kaunta kila siku, "mimi amoksilini mwili wangu ushaizoea, nipe kitu kikali zaidi". Mwili hauzoei antibayotiki. Anayekuwa sugu, yaani asiyesikia dawa tena, ni bakteria, na hata yeye mara nyingi usugu hajautengeneza mwenyewe, kapewa na mwenzake, ndo maana unaweza kukaa mwaka mzima bila kumeza kidonge, ukalazwa kwa ajali ya bodaboda, ukatoka wodini mguu umepona ila tumboni umebeba bakteria sugu na wala hujui.

Na usugu wenyewe sio kitu cha juzi. Kimeng'enya kinachokata penisilini kiliripotiwa 1940, kabla penisilini haijafika hospitali za watu wa kawaida. Kuna watafiti walichimba udongo ulioganda huko kaskazini mwa Kanada, una miaka kama 30,000, wakakuta jeni za usugu humo humo, yaani vipande vya DNA vinavyompa bakteria maelekezo ya kuishinda dawa. Kwa hiyo antibayotiki hazikuumba usugu, zimeupa soko tu.

Sasa hizi jeni zinapitaje? Wajapani ndo walitufumbua macho. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia walikuwa na kuhara damu kwingi, na Shigella, bakteria wa ugonjwa huo, waliokuwa wanawapata walikuwa sugu kwa dawa nne kwa mpigo, sulfa, streptomaisini, kloramfeniko na tetrasaiklini. Watu wakajiuliza inakuwaje bakteria apate mabadiliko manne kwa siku moja, haiingii akilini. 1959 wakaonesha kwamba ukimchanganya E. coli (bakteria mwingine wa tumboni) aliye sugu na Shigella asiye sugu kwenye chupa moja, Shigella anatoka na usugu wote. Kinachopita ni plasmidi, kaduara ka DNA kanakokaa pembeni ya DNA kuu ya bakteria. Ni kama vijana wanavyorushiana nyimbo kwa blutuuth, aliyetuma anabaki na wimbo wake na aliyepokea anao, na simu sio lazima ziwe aina moja. E. coli anampa Klebsiella, Klebsiella anampa Enterobacter, wote ni bakteria na wamo humo tumboni mwa mgonjwa mmoja.

Jeni inayotusumbua sana kwenye seftriaksoni, ile antibayotiki ya sindano, inaitwa CTX-M-15. Asili yake ni kwa bakteria anaitwa Kluyvera, ambaye kwa binadamu hana shida kubwa, yupo yupo tu kwenye mazingira. Kipande cha DNA kinachojihamisha kikaichomoa jeni kule kikaipandisha kwenye plasmidi, na kipande hicho hicho kinaisukuma ifanye kazi kwa nguvu, kwa hiyo kimeng'enya kinatoka kwa wingi, seftriaksoni inakatwa kabla haijafanya chochote.

Hapa hapa Mwanza kuna kazi ilichapishwa 2013 kuhusu Klebsiella waliosababisha maambukizi ya damu kwa watoto wachanga hospitali ya Bugando, wakawa na hiyo CTX-M-15, na waliotawala walikuwa ukoo mmoja unaoitwa ST14. Hapa naomba mnisikilize vizuri kwa sababu ndo kiini cha maneno yangu leo. Ukikuta wagonjwa wengi wana ukoo mmoja, maana yake bakteria mwenyewe katembea kitanda hadi kitanda, na bakteria hana miguu, kabebwa na mikono yetu, na sinki, na mashine ya kufyonza makohozi, na ile chupa ya dawa inayochomwa sindano mara nyingi kuhudumia watoto kadhaa. Ukikuta koo tofauti, spishi tofauti, lakini plasmidi ni ile ile, basi aliyesafiri ni jeni, na hapo hata ukimtenga mgonjwa wa Klebsiella bado E. coli wa jirani yake anayo. Kwa macho hutofautishi, sahani za kalcha (za kuoteshea bakteria maabara) zote zinakwambia "sugu" basi. Mpaka usome DNA. Na mimi kwa maoni yangu hospitali nyingi zinapambana gizani kwa sababu hazijui kati ya hivi viwili zina kipi.

Halafu kuna jambo ambalo watu wa maduka ya dawa huwa hamulipendi. Plasmidi moja inabeba jeni nyingi kwa pamoja, unakuta CTX-M-15, ya jentamaisini, ya septrini, ya tetrasaiklini, zote kwenye kaduara kamoja. Mama anakuja dukani, anasema ana yutiai (maambukizi ya njia ya mkojo), hajapima, hajaotesha mkojo, unampa septrini. Septrini inaua bakteria dhaifu, wanabaki wenye ile plasmidi, wanazaliana (E. coli akiwa na chakula na joto zuri anagawanyika kila dakika 20 hivi), na bila mtu yeyote kugusa seftriaksoni umeshaongeza tumboni mwake bakteria wasiosikia seftriaksoni. Miezi mitatu baadaye anaingia leba. Mtoto anazaliwa, anaokota bakteria wa mama yake. Mtoto akiugua, jentamaisini haifanyi kazi, seftriaksoni haifanyi kazi, tunakimbilia meropenemu, antibayotiki kali ya akiba, na bei yake mnaijua. Na hata meropenemu ina mkataji wake, kimeng'enya kinachoitwa NDM-1, alianza kuonekana kwa mgonjwa wa 2008 huko Sweden aliyekuwa ametibiwa India.

Kuhusu mikono sitawachosha, manesi mshaambiwa hadi mmechoka, ila sinki ndo nalia nalo. Watu wanamwaga humo mabaki ya dripu zenye antibayotiki, maji ya kuogeshea mgonjwa, mkojo, kila kitu, halafu bomba linakaa na unyevu, bakteria wanajenga utando, dawa kidogo kidogo inawachuja wabaki sugu, wanapeana plasmidi humo humo, na ukifungua maji kwa nguvu yanaruka mpaka kwenye trei ya sindano iliyowekwa pembeni. Trei isikae pembeni ya sinki. Hilo halihitaji bajeti.

Swali la dada wa pale dirishani, kama ukishabeba bakteria sugu tumboni anatoka? Wengi wanampoteza taratibu ndani ya miezi, wengine wanakaa naye zaidi ya mwaka. Hakuna dawa ya kumfukuza tunayoshauri kwa kila mtu, na ukijaribu kwa antibayotiki nyingine unaweza kumnenepesha. Unachoweza ni hiki, ukilazwa tena au ukienda kujifungua, waambie mapema kwamba nililazwa miezi michache nyuma nikachomwa seftriaksoni, ili waoteshe sampuli yako kabla hawajakuanzishia dawa.