Mkate wa Bibi wa Chini

ZUHURA: Salehe, hata salamu zitangoja. Sijalala vizuri tangu Alhamisi.

SALEHE: Uliniandikia saa tisa za usiku za kwako. Nikajua kuna jambo.

ZUHURA: Ni Bibi wa Chini, jirani yangu wa ghorofa ya chini. Wasikilizaji mnamjua, ndiye aliyenishikia mtoto ule msimu wangu wa kwanza wa baridi hapa Halifax, Kanada. Jumatatu kanigongea mlango na kisanduku cha bati cha marehemu mama yake. Macho yake hayaoni tena mwandiko mdogo, akaniomba nimsomee.

SALEHE: Mama yake si ndiye yule Mwingereza?

ZUHURA: Ndiye. Bi harusi wa vita. Askari wa Kanada walianza kuingia Uingereza Desemba 1939, na hadi mambo yanatulia, wanawake karibu 48,000 walikuwa wameolewa nao. Serikali ya Kanada ikawalipia nauli ya meli. Wengi walishukia hapahapa, Gati 21, ambapo leo ni makumbusho ya uhamiaji. Mama yake alishuka Machi 1946. Alhamisi tulikwenda pale, mimi na Bibi. Hakutazama picha hata moja. Alikaa kwenye benchi na kisanduku chake mapajani.

SALEHE: Ndani mlikuta nini?

ZUHURA: Barua za bibi yake, mama wa mama, alizokuwa akiandika kutoka Uingereza. Na kadi ya chakula ya ile meli. Nyuma ya kadi mama mtu kaandika kwa penseli: "Mkate mweupe. Nimekula vipande vinne, nikalia."

SALEHE: Subiri. Mweupe?

ZUHURA: Nilijua utasimama hapo.

SALEHE: Zuhura, mimi nimeoka mikate miaka kumi na mitatu, siwezi kupita hapo! Unajua alikuwa anakula mkate gani kabla ya kupanda meli? Tangu 1942 Uingereza walikuwa na Mkate wa Taifa. Unga wake walichukua asilimia 85 ya ngano, sehemu ya pumba ikabaki humohumo. Wakaongeza na kalisi, maana maziwa yalikuwa haba. Mkate ukatoka wa kijivu, mzito, watu hawakuupenda kabisa.

ZUHURA: Kwa nini wasikoboe tu kama zamani?

SALEHE: Kwa sababu ya meli. Ngano nyingi ilitoka ng'ambo ya Atlantiki na nyambizi za Wajerumani zilikuwa zinazizamisha. Ukikoboa sana, unahitaji ngano nyingi zaidi, maana yake meli nyingi zaidi na mabaharia wengi zaidi wa kufa. Na sehemu kubwa ya ngano hiyo ilitoka Kanada. Huyu dada alikuwa anaifuata ngano ilikotoka.

ZUHURA: Hilo sikulifikiria.

SALEHE: Sasa vipande vinne, vyeupe, laini. Mimi ningelia pia.

ZUHURA: Haya, tulipanga kuzungumza mambo manne ya kufanya ukikuta nyaraka za marehemu. La kwanza...

SALEHE: La kwanza litakuja. Nyumbani kwake Halifax alikuwa anaoka?

ZUHURA: Kila Jumamosi. Bibi anasema mama yake hakutupa ukingo wa mkate maisha yake yote. Alikuwa anaukunja kwenye kitambaa na kuuweka kabatini mpaka unakauka. Watoto wakimuuliza anasema "wa mtu huyo". Hakuwahi kusema ni mtu gani.

SALEHE: Wa mtu huyo.

ZUHURA: Basi nikasoma barua ya Agosti 1946. Yule bibi mkubwa wa Uingereza anamweleza binti yake kwamba mkate sasa ni kwa mgao.

SALEHE: Ni kweli. Watu husahau. Wakati wa vita mkate haukuwa na mgao, mgao ulianza Julai 1946, vita vimeshakwisha, na ukaendelea hadi Julai 1948. Yaani yeye ametoka Machi, kufika Julai aliowaacha nyuma wanahesabiwa kwa kuponi.

ZUHURA: Naye tayari ameshaandika nyumbani habari za vipande vinne! Maana barua inajibu: "Nimefurahi unakula vizuri. Mwanao anakula kuponi zake na za kwangu, usiwe na wasiwasi."

SALEHE: Mwanao.

ZUHURA: Mwanao. Nilisoma kwa sauti kabla akili yangu haijafika. Bibi akaniambia rudia. Nikarudia. Yeye mwenyewe kazaliwa 1947, Salehe, hapa Kanada. Agosti 1946 hakukuwa na mwana.

SALEHE: Kwa hiyo ni yule mama mdogo wake aliyebaki Uingereza. Anayempigia simu kila Jumapili.

ZUHURA: Kazaliwa 1943. Tukaingia kwenye faharasa ya vizazi ya Uingereza, ile orodha ya waliozaliwa. Tangu 1911 kila mtoto ameandikwa pamoja na jina la ukoo la mama yake kabla ya kuolewa. Kama huyu angekuwa mtoto wa yule bibi mkubwa, majina yangekuwa mawili tofauti: la baba, na la mama alikotoka. Tukakuta jina moja limeandikwa mara mbili. Maana yake mara nyingi ni mama asiye na ndoa, mtoto kapewa ukoo wa mama.

SALEHE: Na huyo mama mdogo hakuwahi kuona cheti chake?

ZUHURA: Mwaka 1947 Uingereza walianza kutoa vyeti vifupi: jina, jinsia, tarehe, bila wazazi. Unasoma nacho, unaajiriwa nacho. Bibi anakumbuka kukiona alipokwenda kumtembelea, kimetiwa fremu ukutani.

SALEHE: Kwa hiyo mama mdogo ni dada mkubwa.

ZUHURA: Bibi ana miaka karibu 80 na amejua juzi kwamba yeye si kifungua mimba.

SALEHE: Atamwambia lini?

ZUHURA: Nani kasema atamwambia?

SALEHE: Zuhura.

ZUHURA: Sikiliza. Yule mwanamke alikuwa na mama. Mama aliyemlisha kuponi zake mwenyewe. Amemzika, amemlilia. Leo ana miaka 80 na kitu, unampigia simu Jumapili kumwambia yule hakuwa mama yako, mama yako alikuwa yule dada aliyekutumia unga kwa posta?

SALEHE: Alituma unga?

ZUHURA: Barua tatu zinashukuru kwa unga. Mweupe.

SALEHE: Basi alikuwa anamlisha mwanawe kutoka ng'ambo ya bahari. Na hilo unataka lifichwe? Huyo mama akafe mara ya pili akiwa "dada aliyekwenda Kanada"?

ZUHURA: Ndivyo alivyochagua yeye. Alikuwa na miaka 50 ya kusema. Sisi tumeokota karatasi wiki moja, tunajifanya tunajua.

SALEHE: Alichagua, au alichaguliwa? Msichana ana mtoto 1943 bila mume, mwaka unaofuata anapata mchumba askari. Nani alimuuliza anataka nini? Na Uingereza yenyewe ilibadili sheria mwaka 1975, walioasiliwa na wazazi wengine wakapata haki ya kuona cheti chao cha asili. Waliona mtu ana haki ya kujua alikotoka.

ZUHURA: Haki ya kutafuta. Huyu hajatafuta.

SALEHE: Atatafuta vipi kitu asichojua kimepotea?

ZUHURA: Sisi kwetu mama mdogo ni mama, mama mkubwa ni mama. Huhitaji karatasi.

SALEHE: Tunawaita mama wote, ndiyo, lakini tunajua nani alizaa. Mimi nilimwita bibi yangu mama mpaka darasa la tano, mnajua. Niliambiwa na mtoto wa jirani tukigombania mpira. Sikuumia kwa sababu ni bibi. Niliumia kwa sababu yule mtoto alijua kabla yangu. Na sasa hivi, Zuhura, mimi nimejua kabla ya yule mama. Wasikilizaji wote wamejua kabla yake.

ZUHURA: Bibi kaniruhusu kusimulia. Sijataja jina la mtu.

SALEHE: Bibi kakuruhusu habari za mama yake. Habari za yule mwingine hakuna aliyemuomba ruhusa.

ZUHURA: Hilo linauma, Salehe.

SALEHE: Najua. Lakini sirudishi.

ZUHURA: Na mimi sirudi nyuma. Labda anajua siku zote. Labda ameshafanya amani na jambo hilo, halafu anapigiwa simu ya kufungua kidonda.

SALEHE: Kama anajua, basi wako wawili wanalindana kila Jumapili, kila mmoja na siri ileile. Hiyo kwako ni amani?

ZUHURA: Kwao inaweza kuwa.

SALEHE: Sikubali.

ZUHURA: Usikubali.

SALEHE: Tumebakiwa na dakika ngapi?

ZUHURA: Mbili. Yale mambo manne hatujagusa hata moja.

SALEHE: Yaache. Niambie kuhusu kabati. Mama yake alipofariki, kulikuwa na mkate ndani?

ZUHURA: Nilimuuliza hilohilo jana. Ulikuwepo. Umekunjwa kwenye kitambaa, umekauka kama jiwe. Bibi anasema alishindwa kuutupa. Hakujua kwa nini, akaurudisha pale pale.

SALEHE: Hata sasa uko?

ZUHURA: Nimeuona kwa macho yangu.

SALEHE: Leo ni Ijumaa.

ZUHURA: Najua. Keshokutwa simu italia, saa nne asubuhi kama kawaida. Bibi kaniomba nishuke nikae naye.

SALEHE: Utashuka?

ZUHURA: Nitashuka. Sitasema kitu. Nitachemsha chai tu.