Mkondo Unapogawanyika Mbele ya Mtwara

(Mhadhara kwa wananchi, Mtwara mjini)

Assalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, kina mama, na nyie vijana mliosimama mlangoni, ingieni, viti vya mbele bado vipo.

Nimeombwa nizungumzie utafiti wa bahari unaounganisha taaluma mbalimbali. Maneno mazito hayo. Nitayashusha yakae hapa hapa kwetu, kati ya mlango wa Ruvuma na Kilwa, kwa sababu pwani hii ina jambo ambalo Tanga hawana, wala Unguja hawana.

Bahari ya Hindi ina mkondo mpana unaotoka mashariki, unapita kaskazini ya Madagaska na kuja moja kwa moja huku kwetu. Ukifika maeneo ya Rasi ya Delgado, jirani kabisa na hapa tulipo, unagonga bara kama maji ya bomba yanavyogonga ukuta, unagawanyika. Sehemu moja inateremka Msumbiji. Nyingine inapanda Lindi, Kilwa, Mafia, Zanzibar, mpaka Kenya. Wakati wa kusi upepo unausukuma kwa nyuma, na unaweza kwenda mita moja kwa sekunde, hata zaidi. Pigeni hesabu: karibu kilomita 86 kwa siku. Kaskazi ikiingia, upepo unaukabili uso kwa uso na mwendo unapungua sana. Manahodha mliomo humu hamhitaji niwaeleze hilo.

Sasa tumchukue pweza. Jike hutaga mara moja tu maishani. Anakaa pangoni akilinda mayai, hali kitu, na yakishaanguliwa anakufa. Vitoto vyake ni vya milimita chache, navyo havitui mwambani siku hiyo; vinaelea wiki kadhaa kwanza. Vijiji kadhaa vya pwani ya kusini vimejaribu kufunga miamba, yaani kuzuia uvuvi pale, kwa miezi michache ili pweza wakue, na wanakua kweli, maana pweza huongeza uzito haraka mno. Swali langu ni hili: tukifunga mwamba Msimbati, kwenye Ghuba ya Mnazi, vitoto vinavyozaliwa pale vitamnufaisha nani?

Mtu wa fizikia atachukua mwendo wa mkondo, azidishe kwa siku za kuelea, akwambie: watu wa kaskazini, tena kupita Mafia. Hesabu yake ni sahihi, ila ni ya maji ya nje. Ndani ya Ghuba ya Mnazi maji yanatoka na kurudi kila siku, na nyuma ya visiwa na miamba yanajizungusha, yanaweza kukishika kitoto kisiende popote. Halafu mtu wa baiolojia atakumbusha kwamba kiumbe huyo anaweza kupanda na kuzama mwenyewe, na mwendo wa maji ya juu si sawa na ya chini. Na mwamba upi hutoa pweza wadogo, mwezi gani? Hilo anajua mama anayechokoa pweza pale tangu usichana wake. Ukimwacha nje, kompyuta itakuchorea mistari ya kupendeza, basi.

Nikae kidogo kwa huyo mama, maana saa zake za kazi zenyewe ni sayansi. Pwani yetu, siku za bamvua, maji hujaa sana kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa sana kwenye saa nne, asubuhi na usiku. Ndivyo ilivyo kila bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita tatu. Kila siku inayofuata maji yanachelewa karibu dakika hamsini, kwa hiyo siku tatu nne baada ya bamvua kupwa kunaangukia mchana wenyewe. Jua liko utosini, maji yaliyobaki kwenye shamba la mwani hayafiki magotini. Hapo ndipo yanapochemka.

Mnaolima mwani mnajua, kati ya aina zetu mbili, kotonii ndiyo yenye bei kuliko spinosamu, na ndiyo inayokufa upesi. Inapauka, inalainika, inakatika kwenye kamba. Ukija na kipimajoto siku ya maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, asubuhi, utaandika kwamba joto ni la kawaida na utaondoka na ripoti safi. Unahitaji mtu wa mawimbi na maji akupe saa, mtu wa mimea akwambie mwani unavumilia joto gani na kwa muda gani, na mkulima akuonyeshe kona ambayo hufa kwanza. Na mtu wa uchumi pia, kwa sababu kuhamisha mwani kwenye maji ya kina kunahitaji chombo na mtu anayejua kuogelea. Wakulima wengi ni wanawake, na wengi hawana chombo wala hawakufundishwa kuogelea. Kipimajoto hakitakwambia hilo.

Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma ipo tangu mwaka 2000, kilomita za mraba 650. Mipaka yake imechorwa kisheria, na ni lazima iwe hivyo. Ila tope la Ruvuma linapoteremka na mvua halisomi mpaka, na karibu theluthi mbili ya bonde la mto ule iko ng'ambo, Msumbiji. Mtafiti wa matumbawe asiyezungumza na mtu wa mito, tena wa Msumbiji, ataona tumbawe limefunikwa na tope asijue limetoka shamba la nani.

Neno moja la lawama, nalo naliweka juu ya sisi watafiti wote. Tunapenda kuja kaskazi, bahari ikiwa shwari na boti ndogo inatoka. Kusi, mkondo unapokuwa na nguvu zake zote, tuko ofisini. Halafu tunaandika kuhusu mkondo! Vifaa vya kuachwa baharini vipo, vinapima mwendo na joto miezi mingi bila mtu. Tatizo ni kuvikagua na kuvilinda, na hapo wavuvi ndio wenye uwezo, kwa malipo na mkataba, majina yao yakiwa kwenye kazi inayotoka. Mwaka 2003 silakanti, samaki ambaye sayansi kabla ya 1938 ilidhani ametoweka zama za dinosaria, alinaswa huku kwetu Songo Mnara, kisiwa cha Kilwa. Aliyemleta juu ni mvuvi, kwa jarife, wavu wa kunasia samaki wakubwa.

Maswali sasa. Naanza na kina mama kule nyuma.