Kusawazisha Faili Si Kuziwekea Nakala za Akiba

Asanteni. Kaeni vizuri, maana nikianza hili sinyamazi upesi. Wanaonifahamu wanajua ninakokwenda: nimelisema kila nilipopewa kipaza sauti, na nitalisema mpaka siku nitakapouliza swali langu moja na kupata jibu jipya. Swali ni hili: faili zako zina nakala za akiba? Najibiwa kila mara, "Zipo, zinajisawazisha zenyewe."

Basi huyo hana nakala hata moja. Ningeweza kushuka jukwaani sasa hivi.

Programu ya kusawazisha ina kazi moja: folda ya hapa na folda ya kule zifanane. Haijui kwamba faili uliyoifuta usiku macho yakiwa mazito ilikuwa tasnifu yako. Umeifuta huku, nayo inaifuta kule, tena kwa utiifu na kwa sekunde chache. Ni kioo. Ukijinyoa nusu ya nyusi, usitegemee kioo kikutunzie sura ya jana. Na virusi vinavyofunga faili ili vikudai fidia, kama WannaCry ya Mei 2017, vikiingia kwenye kompyuta moja, programu huona "mabadiliko mapya" na kuyapeleka kwenye mashine nyingine zote ulizoziunganisha. Imekutumikia kweli kweli.

Wala msiseme nazichukia. Syncthing, mojawapo ya hizo za kusawazisha, naitumia kila siku. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote, ilianza mwaka 2013, na faili zinatoka mashine hadi mashine bila kulala kwenye seva ya mtu. Lakini someni maelezo yake. Wameulizwa kama inafaa kuwa bekapu, yaani nakala ya akiba, wakajibu kwamba haifai sana, kwa kuwa kila badiliko, pamoja na kufuta, husambaa kwenye vifaa vyote. Wenye programu wamesema hivyo. Wewe unabishana na nani?

Najua kuna mkono unataka kunyanyuka pale nyuma: "Lakini ina sehemu ya kutunza matoleo ya zamani." Ipo. Umeiwasha? Maana usipoiwasha imelala. Na ukiiwasha, hutunza toleo la zamani pale tu badiliko linapotoka kwenye kifaa kingine. Ukiiharibu faili kwenye mashine yako, mashine yako haitunzi kitu. Toleo la zamani litakuwa upande wa pili, ikiwa upande wa pili nako umewasha. Watu wanne kwa watano nikiwaeleza hili wananitazama kama nimewatukana.

Mwingine anasema, "Mimi natumia rsync." Hongera, rsync, programu ya kunakili faili kutoka mahali hadi mahali, ni kazi ya fundi. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa mwaka 1996, na hesabu yake bado ni tamu: inaikata faili vipande, inalinganisha alama za kila kipande, kisha inatuma kilichobadilika tu. Faili kubwa ikibadilika kidogo, kinachosafiri ni kidogo. Lakini ongeza lile neno --delete, linaloiamuru ifute kwenye nakala chochote kisichopo kwenye chanzo, kisha siku moja diski ya chanzo isiunganike vizuri na folda ionekane tupu. rsync itatazama folda tupu, itatazama nakala yako kamili, na itazifananisha. Unajua ni ipi itakayofanana na ipi. Tangulizeni -n, iwaonyeshe itakachofanya kabla haijafanya. Na wale wa diski mbili zinazoandikwa kwa pamoja, RAID, msinyanyue mikono kabisa. Hiyo inakuokoa diski ikifa, haikuokoi na kidole chako.

Sasa niwape kisa cha GitLab, kampuni inayotunza misimbo ya programu za watu mtandaoni. Wengine mmekisikia kwangu, vumilieni.

Ni tarehe 31 Januari 2017. Hao ni watu ambao kazi yao ni kutunza kazi za wengine, si wanagenzi. Walikuwa na seva mbili za hifadhidata: kuu, na ya pili inayoifuata kuu hatua kwa hatua. Usiku huo mzigo ukazidi, ya pili ikaachwa nyuma hadi ikashindwa kufuata. Mhandisi mmoja, amechoka, usiku umekwenda, akaamua kuisafisha ile ya pili ili ianze upya. Akaandika amri ya kufuta. Akagundua baada ya sekunde moja au mbili kwamba yuko kwenye seva kuu. Akaikatiza. Katika gigabaiti kama 300 zilikuwa zimebaki 4.5.

Hapo ndipo mtu huvuta pumzi na kusema, haya, tulete bekapu. Walikuwa na njia tano! Tano, sikilizeni. Seva ya pili ilikuwa ndiyo hiyo iliyokwisha kushindwa. Nakala za kila siku zilizopaswa kupelekwa kwenye hifadhi ya mbali: wakaenda kutazama, hifadhi tupu. Kwa nini? Programu ya kutoa nakala ilikuwa ya toleo 9.2, hifadhidata yenyewe ni toleo 9.6, kwa hiyo kila ilipojaribu ilikataa na kufa. Na ilipokufa ilituma barua pepe kulalamika. Barua pepe zenyewe zilikuwa zinakataliwa njiani kwa kukosa saini inayotakiwa. Kwa hiyo bekapu inakufa kila siku, inapiga yowe kila siku, na yowe linaishia mlangoni. [Kicheko.] Mnacheka. Nani hapa anajua ni lini bekapu yake ilimaliza kazi bila kosa? Mbona kimya?

Picha za diski, yaani nakala ya diski nzima kama ilivyo kwa wakati fulani, nazo hazikuwa zimewashwa kwa seva za hifadhidata. Wenyewe waliandika hadharani kwamba katika njia zao tano hakuna iliyokuwa ikifanya kazi ya kutegemewa. Mficha uchi hazai. Nawaheshimu kwa hilo, hata kazi ya uokoaji waliirusha moja kwa moja watu watazame. Kilichowaokoa ni picha ya hifadhidata iliyochukuliwa kwa mkono saa kama sita kabla ya ajali, kwa shughuli nyingine ya majaribio. Bahati tupu. Kazi ya saa hizo sita ikapotea: maoni, akaunti mpya, miradi. Na kuirudisha hiyo picha kulichukua saa nyingi, kwa kuwa ilikaa kwenye diski za polepole.

Nimewachosha kwa kisa hiki kwa sababu watu hukisimulia kama kisa cha aliyekosea seva. Mimi huyo simgusi. Kila mtu hufuta kitu siku moja. Nataka muutazame ule mpangilio. Seva ya pili ni kusawazisha: hata ingekuwa nzima, amri ya kufuta data ndani ya hifadhidata ingeifuata palepale. Na zile nyingine zilikuwa nakala za kwenye makaratasi. Hakuna aliyewahi kuzirejesha akaona zinafunguka.

Kurejesha basi. Chagua faili tatu bila mpangilio, moja ya mwaka jana, zirudishe kwenye folda tupu, zifungue. Si kutazama orodha ya majina, zifungue. Kama unatumia restic, programu ya bekapu, amri ya check ukiiongezea --read-data inasoma data yote, si orodha tu. Borg, mwenzake, nayo ina --verify-data. Inachukua muda. Iache ifanye kazi ukiwa umelala.

Muda wangu, naona karatasi imeinuliwa pale. Nitaenda mbio.

Programu za bekapu hasa: Borg, iliyochipuka kutoka programu ya Attic mwaka 2015, na restic. Zote huria, zote zinakata data vipande na hazihifadhi kipande kilekile mara mbili, ndiyo maana unaweza kuwa na sura ya folda yako ya kila siku kwa miezi bila diski kufurika. Wasiopenda kuandika amri wana Duplicati yenye dirisha la kubofya. Kanuni ya tatu-mbili-moja mnaijua: nakala tatu, kwenye aina mbili za hifadhi, moja ikiwa mahali pengine. Hiyo "moja", ya mahali pengine, msiipuuze: moto uliounguza kituo cha seva cha kampuni ya OVHcloud kule Strasbourg, Ufaransa, Machi 2021 uliwakuta wateja waliokuwa na nakala zao kwenye eneo lilelile.

Halafu yule anayesema programu za bure huachwa yatima. Huachwa, ndiyo. Programu rasmi ya Syncthing ya Android imesitishwa mwishoni mwa 2024. Ila msimbo uko wazi, na tawi, yaani toleo la kando lililotengenezwa na wengine kutoka msimbo huohuo, lilikuwapo tayari. Za kulipia nazo hufungwa: huduma ya bekapu ya CrashPlan ya majumbani ilifungwa mwaka 2018, na hapo mteja hana cha kuendeleza, anahama tu.

Simu nilitaka kuzizungumzia, basi, zitasubiri.

La mwisho, nimesimama tayari kushuka: restic husimba kila kitu, yaani hukifunga kisisomeke bila nenosiri, na nenosiri likipotea hakuna mtu wa kumpigia simu. Liandike kwenye karatasi. Wa Borg, mkiwa na ufunguo uliowekwa ndani ya hifadhi yenyewe ya bekapu, toeni nakala yake kwa borg key export na muiweke nje ya hiyo kompyuta. Nje, nasema. Yupo atakayekwenda kuihifadhi kwenye ile folda inayojisawazisha, namwona kabisa. Haya, maswali.