Kununua majarida ya kielektroniki bila mkataba: mhadhara kuhusu SERU

Wakutubi wenzangu, pamoja na ndugu zetu wa ofisi za manunuzi mliokubali kuja, habari za asubuhi. Leo nazungumzia SERU, maelewano yanayoiwezesha maktaba kununua jarida la kielektroniki bila kusaini mkataba na mchapishaji.

Enzi za karatasi, maktaba ilijaza oda, ikalipa ankara, na jarida likaletwa na posta. Hakuna aliyesaini mkataba na mchapishaji. Mpaka wa matumizi uliwekwa na sheria ya hakimiliki, basi. Majarida yalipohamia kwenye intaneti wachapishaji waliingiwa na hofu, na hofu yao ilikuwa na msingi, maana faili moja husambaa kwa dakika. Ndipo leseni zikaingia, yaani mikataba ya matumizi kati ya mchapishaji na maktaba. Kilichoharibu mambo ni kwamba leseni za aina iliyotungwa kwa vifurushi vikubwa vya majarida mengi zilianza kudaiwa hata kwa jarida moja la chama kidogo cha wataalamu.

Tazameni inavyokwenda katika vyuo vya umma vya Marekani. Rasimu ya leseni inafika kwa barua pepe. Ndani yake mna kifungu kinachoitaka maktaba imfidie mchapishaji akishtakiwa, na kingine kinachosema kesi itaamuliwa kwa sheria za jimbo la mchapishaji. Vyuo vingi vya umma huko vimezuiwa na sheria za majimbo yao kukubali masharti ya namna hiyo. Mwanasheria wa chuo anayafuta, rasimu inarudi. Chama kile kidogo hakina mwanasheria, inabidi kimtafute na kumlipa. Rasimu inakwenda, inarudi, miezi inapita, na mwanafunzi aliyeliomba jarida ameshakabidhi tasnifu yake. Wakati mwingine saa za kazi zilizotumika zina gharama kubwa kuliko jarida lenyewe. Hilo linaniuma sana.

Wakutubi na wachapishaji wa huko walikaa meza moja, wakaandika maelewano ya pamoja yanayojulikana kwa kifupi cha SERU (Shared Electronic Resource Understanding). NISO, shirika la Marekani la viwango vya taarifa, liliyatoa rasmi mwaka 2008, na mwaka 2012 likayapanua ili yafae pia kwa vitabu vya kielektroniki na rasilimali nyingine.

SERU si leseni, wala haisainiwi. Bei, muda na jina la jarida hubaki kwenye oda. Mengine yote huongozwa na sheria ya hakimiliki pamoja na maelewano hayo: nani ni mtumiaji halali, akiwemo mgeni aliyeingia maktaba kusoma, maktaba izuie upakuaji wa jumla wa jarida zima, mchapishaji alinde faragha ya wasomaji. Maktaba na mchapishaji hujiandikisha bure kwenye orodha ya NISO, na kujiandikisha hakumfungi mtu. Kwa bidhaa nyingine mnaweza kurudi kwenye leseni mkiona inafaa.

Na kuna mahali inafaa kurudi. Kifurushi cha fedha nyingi, au data ambayo watafiti wanataka kuichambua kwa kompyuta kwa wingi, siwashauri mkinunue kwa maelewano. Hapo andikeni kila kitu. Kwetu, miungano ya maktaba, KLISC kule Kenya na COTUL kule Tanzania, hujadiliana na wachapishaji kwa niaba ya maktaba nyingi, na kazi hiyo iendelee. Ninachozungumzia ni yale majarida ya mojamoja ambayo mhadhiri mmoja anayahitaji na hayamo kwenye kifurushi chochote.

Mtaniuliza, sheria ya nani? SERU ilizaliwa ndani ya sheria ya Marekani. Sisi tuna zetu: Tanzania ya mwaka 1999, Kenya ya 2001, Uganda ya 2006. Kabla ya kuegemea sheria, mkutubi aisome, hasa vifungu vinavyoruhusu maktaba kunakili, kwa sababu haki ambayo sheria yako haikupi hutaipata kwa sababu tu hukusaini leseni.

Halafu angalieni tovuti ya mchapishaji. Ikiwa inamtaka msomaji abofye kukubali masharti yanayopingana na maelewano, mwandikieni ayaondoe kabla hamjalipa. Kwenye oda ongezeni mstari kwamba ununuzi huu unafuata SERU. Na muulizeni kwa maandishi: tukiacha kulipia mwaka ujao, matoleo tuliyokwisha kuyalipia tutayasomea wapi? Kwenye tovuti yake, au kwenye hifadhi za kudumu za majarida ya kielektroniki kama Portico na LOCKSS? Jibu lake liwekeni kwenye faili moja na ankara.